Lugha ya Nne na Kiti cha Mwisho
Mhadhara wa Umma, Tabata, Dar es Salaam



Agosti 2019 wakuu wa nchi za SADC walikutana hapa Dar es Salaam, katika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Julius Nyerere, na Kiswahili kikakubaliwa kuwa lugha rasmi ya nne, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Tulishangilia, tena kwa haki. Leo naomba tuitazame furaha ile kwa jicho la fundi mitambo, anayejua kwamba kila lugha inayoongezwa mkutanoni inadai nafasi yake ndani ya ukumbi.

Sauti ya mkalimani hutoka kibandani ikarushwa kwa mionzi ya infraredi, ndugu ya ile ya rimoti ya televisheni, hadi kwenye kipokezi alichovaa mjumbe shingoni. Mionzi hiyo haipenyi ukuta, ndiyo maana wanaokutana faraghani huipenda kuliko redio. Katika mitambo ya kidijitali, wimbi moja bebezi huchukua chaneli nne za sauti ya ubora wa kawaida. Tuhesabu: sauti halisi ya msemaji, kisha lugha tatu. Nne zimetimia. Kiswahili kinakuwa cha tano, kinahitaji wimbi la pili. Hapo nguvu ya kila kirusha mionzi inagawanywa mara mbili, na eneo kinalolihudumia linapungua kwa kiasi kama hicho. Anayeumia ni aliyeketi nyuma kabisa.

Ndipo programu ya kupanga inapohitajika. Unachora ukumbi, unaingiza urefu wa dari, mahali pa virusha mionzi, pembe vinazoinamia na idadi ya mawimbi. Kompyuta inakupakia rangi sakafuni kuonyesha wapi mawimbi yanatosha na wapi hayafiki. Kazi ya siku nzima juu ya ngazi unaifanya ukiwa umekaa.

Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko pale maeneo ya virusha mionzi viwili yanapopishana. Mtu angedhani hapo ndipo mawimbi yana nguvu kuliko kwingine. Sivyo kila mara. Kebo ya kimoja ikiwa ndefu kuliko ya mwenzake, mawimbi hufika yamepishana na kufutana. Kwa masafa ya megahezi 2, tofauti ya mita 50 hivi za kebo inatosha kuleta uziwi katikati ya ukumbi, chini ya mitambo miwili mizima. Dawa yake ni kuchelewesha kidogo kile chenye kebo fupi, na hilo hulioni kwa macho.

Lakini programu haijui usichoiambia. Kumbi nyingi za Tabata, kuanzia Relini hadi Segerea, zimejengwa kwa hesabu ya harusi za Jumamosi. Semina za katikati ya wiki ni wageni tu. Mpambaji akining'iniza vitambaa vizito vya rangi ya kiza, mionzi inamezwa. Ukuta mweupe laini uliokuwa ukiirudisha umefunikwa. Halafu kuna jua, ambalo limejaa infraredi kuliko taa yoyote. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta: adhuhuri jua hupiga paa, halina neno. Saa kumi na moja jioni huingia moja kwa moja kwenye madirisha ya magharibi, na vipokezi vya upande huo vinaanza kukwaruza.

Kwa hiyo mwenye ukumbi anayetaka mikutano ya lugha nyingi aombe ramani iliyochorwa lugha zote zikiwa hewani, si mbili za majaribio. Kisha vitambaa vikiwa vimeshafungwa, fundi apite safu kwa safu na kipokezi kifuani, jioni, mapazia ya magharibi yakiwa wazi.