Kuanzisha Kanisa ni Kazi, Kuliachia ni Kazi Zaidi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi siku ya mkutano wetu wa mwaka.)



Nilipopata barua ya Katibu wetu akinitaka nizungumze juu ya uongozi, nilidhani amekosea anwani. Mimi ni mtumishi wa Serikali wa kawaida, na juu ya uongozi wa ofisini sina jipya, maana huko kila jambo lina waraka wake. Lakini liko jambo moja nililopata kuliongoza bila waraka, nikalikosea, na kosa lile likanifunza kuliko Chuo Kikuu. Jambo hilo ni kanisa. Katibu akanijibu, “Njoo nalo hilo hilo.”

Najua kwamba wengi wenu ni Waislamu, kama walivyo wengi wa watu wa pwani yetu ya Kilwa na Lindi. Sikuja kuhubiri. Anayeanzisha chama cha ushirika, madrasa au timu ya mpira atakutana na mambo haya haya nitakayoyasema.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Ibada ya Kikristo katika pwani hii si jambo la jana. Mwezi wa Julai 1505 meli za Wareno, zikiongozwa na Francisco de Almeida, zilifika Kilwa Kisiwani zikauteka mji. Mapadre wa Kifransisko wakashuka na msalaba, na ngome ikajengwa. Mwaka 1512 Wareno wakaondoka. Kanisa lililokuja na mizinga likaondoka na mizinga. Kilichosalia ni misingi ya ngome, ambayo baadaye Waarabu wa Oman walijenga juu yake lile Gereza mnaloliona mnapokwenda kutembea kisiwani. Waumini hawakusalia.

Sasa tazameni habari ya pili. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu aliteremka Lindi akitoka Unguja. Alifuatana na watu zaidi ya hamsini, wake kwa waume, waliokuwa watumwa wakakombolewa. Wengi wao walikuwa wamepitishwa katika njia zetu hizi za Kilwa na Lindi wakiwa wamefungwa. Sasa walikuwa wakizirudia wakiwa huru, na mizigo yao wenyewe kichwani. Askofu alikusudia kuwafikisha mbali zaidi, Mwembe, kwa Mataka, katika nchi ya Wayao. Walipofika Masasi, watu wakaiona nchi, wakaona kwamba wamekaribia kwao, wakataka kukaa pale. Askofu akakubali. Angaliweza kusema kwamba mpango ni mpango. Hakusema.

Kijiji kile kilipata mikasa. Mwaka 1882 Wangoni walikishambulia, nyumba zikachomwa, wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Kazi ikahamia Newala kwa muda. Hata hivyo Masasi haikufa, na mwaka 1926 ikawa makao ya Dayosisi yenye askofu wake, William Vincent Lucas. Huyu naye alikuta jando likiheshimiwa sana na wananchi. Badala ya kulipiga marufuku, yeye na wenzake Waafrika wakatafuta namna ya kulifanya jando la Kikristo. Wapo waliomlaumu, lakini alikuwa ameelewa kwamba mtu haji kanisani akiiacha nyumba ya baba yake mlangoni kama viatu.

Tena yupo Padre Cecil Majaliwa, ambaye vijana wengi hawamjui, na ni aibu yetu sisi tusiowaambia. Alikuwa Myao, aliuzwa utumwani angali mdogo, akakombolewa, akasomeshwa Unguja na hata Uingereza. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali, kwa mkuu aitwaye Nakaam, kuanzisha kazi. Mwaka 1890 alipewa upadre, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kufika daraja hilo. Kwa miaka kama kumi alifundisha na kuongoza kanisa akiwa miongoni mwa watu wa kabila lake, bila Mzungu wa kumsimamia pale kila siku. Kazi ikashika.

Habari ya mwisho ya kale ni ya mwaka 1905. Wabenediktini walikuwa wamefungua misioni za Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896. Vita vya Maji Maji vilipowaka, zote mbili ziliharibiwa. Askofu Cassian Spiss, aliyeshukia Kilwa akaelekea bara, aliuawa na wenzake wanne karibu na Liwale tarehe 14 Agosti. Mwananchi aliyelimishwa pamba kwa nguvu na kudaiwa kodi hakuwa na nafasi ya kumtenga Mzungu wa boma na Mzungu wa misioni. Mwaka uliofuata Wabenediktini walianza upya Ndanda, na leo watu wa pande hizi, wa dini zote, huijua Ndanda kwa hospitali yake.

Nimeyasema haya kwa sababu mimi nilikuwa nimeyasoma yote, nikiwa na shahada yangu, na nilipopata zamu yangu sikukumbuka hata moja.

Mwaka 2007 nilihamishiwa wilaya ya Kilwa. Ofisi ilikuwa Masoko, lakini nilipewa kazi za tarafa moja, nikapanga chumba katika mji mdogo kando ya barabara kuu. Daraja la Mkapa lilikwisha funguliwa mwaka 2003, lakini kipande cha Ndundu hadi Somanga kilikuwa bado vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Kanisa la karibu lilikuwa mbali na nauli ilikuwa kubwa. Kwa hiyo tulianza kusali sebuleni kwa muuguzi mmoja. Tulikuwa watu tisa: wauguzi wawili, walimu watatu, askari polisi na mkewe, bwana shamba, na mimi. Sote tulikuwa watu wa kuja, na karibu kila mmoja alikuwa na dhehebu lake. Baada ya mwaka tukakata shauri kuanzisha kanisa letu wenyewe.

Tatizo la kwanza lilikuwa sheria, na hilo ndilo lililokuwa rahisi. Katiba ya nchi, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kuabudu. Lakini jumuiya ya dini hapana budi iandikishwe kwa Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani. Hutakiwa katiba ya jumuiya, maelezo ya viongozi, barua ya Mkuu wa Wilaya, na majina ya wanachama wasiopungua kumi. Sisi tulikuwa tisa! Wa kumi alikuwa mzee mmoja mlinzi wa ghala la korosho, mwenyeji wa upande wa Masasi, aliyeoa na kuzeeka palepale. Nasema kwa aibu kwamba tulimwomba jina lake ili tutimize hesabu.

Tatizo la pili lilikuwa mafundisho. Wengine walitaka ubatizo wa kuzamisha majini, wengine wa kunyunyizia. Wengine walitaka ngoma, wengine walitaka kimya. Tulikesha usiku mzima juu ya maji ya ubatizo, na hatukuwa na mtu hata mmoja wa kubatiza.

La tatu lilikuwa fedha. Sanduku la sadaka lilijua tarehe ya mshahara kuliko sisi. Ukichelewa mshahara, Jumapili hiyo tulihesabu sarafu.

La nne lilikuwa majirani. Tuliazima kipaza sauti tukakielekeza barabarani. Jumatatu sheikh wa mtaa alikuja kwangu. Alinikuta nimejiandaa kwa mabishano na ibara ya 19 nimeiweka ulimini. Akasema, “Mwanangu, sikuja kukukataza kusali. Pale nyuma yenu pana mgonjwa, hajalala tangu Ijumaa.” Nikaona haya. Tukazima kipaza sauti, tukaenda kumjulia hali mgonjwa. Tangu siku ile sheikh yule alikuwa rafiki yetu, na tulipotafuta kiwanja ndiye aliyetwambia ni nani anauza na bei yake ya kweli.

Hata hivyo, ndugu zangu, tatizo kubwa kuliko yote sikuliona, kwa kuwa lilikuwa mimi. Mimi nilikuwa mwenyekiti, nilikuwa mhubiri, nilitunza fedha. Kiwanja kiliandikwa kwa jina langu “kwa muda”. Mabenchi, vitabu na matarumbeta mawili vilifungiwa katika stoo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Sikuiba hata senti moja, na ndiyo maana sikujishuku. Wenyeji walituita “kanisa la maofisa”. Nililicheka jina hilo. Sikujiuliza kwa nini mwenyeji asiingie mahali anapodhani kuwa ni baraza la Serikali la siku ya Jumapili.

Mwaka 2011 barua za uhamisho zilitoka. Walimu wawili walikwenda, askari na mkewe wakafuata, muuguzi mwenye sebule akaenda kusoma. Mwezi wa saba ikaja yangu: Dodoma. Nilifunga mizigo kwa siku nne. Siku ya ibada ya kuagana watu walilia, nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo kuliliwa. Baada ya miezi michache niliambiwa kwa simu kwamba kanisa limekufa. Nilisikitika, lakini moyoni nilisema: si ajabu, nani angaliliongoza?

Mwaka 2013 nilipata safari ya kikazi Lindi, nikashuka pale njiani. Ilikuwa Jumapili. Kwenye kiwanja nikakuta banda la makuti, na chini yake watu kumi na wanane wamekaa juu ya magogo. Aliyesimama mbele alikuwa yule mlinzi wa ghala. Mama lishe mmoja ndiye aliyetunza fedha, katika kopo la maziwa, na kila Jumapili zilihesabiwa mbele ya wote. Zaidi ya nusu yao sikuwajua, nao hawakunijua.

Ningependa kuwaambia kwamba nilifurahi. La, kwanza niliudhika. Kwa nini hawakuniandikia? Nilimwuliza mzee baada ya ibada, “Baba, mbona mnakaa juu ya magogo na mabenchi yapo?”

Akanitazama kwa upole. “Mwanangu, ulituachia kufuli. Ufunguo ulikwenda nao Dodoma.”

“Mngevunja.”

“Mali si yetu. Karatasi zote zina jina lako.”

Sikuwa na la kujibu. Ufunguo wenyewe ulikuwa Dodoma katika mtoto wa meza, nami nilikwisha sahau ni wa nini. Tuliivunja kufuli siku ile ile kwa nyundo ya fundi jirani. Vitabu vilikuwa vimeliwa na mchwa. Mabenchi yalipona.

Mwaka uliofuata niliomba likizo, tukaandikisha Bodi ya Wadhamini kwa RITA, na kiwanja kikatoka katika jina langu kikaingia katika jina la wadhamini. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mtumishi wa kuhamishwa. Mzee yule amekwisha fariki, Mungu amrehemu. Anayeongoza sasa ni kijana mvuvi, aliyeishia darasa la saba. Nikienda pale hunipa kiti cha mgeni, na hilo ndilo jambo ninalojivunia.

Ndugu Mwenyekiti, naomba nimalize kwa kuwausia vijana mambo matatu.

La kwanza: fuateni sheria mapema, na mali ya wote isiandikwe kwa jina la mmoja, hata kwa muda. Huo muda hauna mwisho mpaka uletwe na barua ya uhamisho au na mauti.

La pili: jirani aheshimiwe kabla hajalalamika. Sheikh yule hakuwa wa dini yangu, lakini alitusaidia kujenga kanisa kwa kutwambia kweli mapema.

La tatu, nalo ndilo kubwa: siku ya kwanza unapoanza jambo, tafuta ni nani atakayebaki, kisha umpe kazi ungali upo ili akosee mbele yako na umrekebishe. Sisi tulimchukua wa kumi kwa kutimiza hesabu, kumbe ndiye aliyekuwa wa kwanza. Wareno walikuwa na ngome, hawakuwa na wa kubaki. Watu wa Masasi walikuwa na mizigo yao kichwani, lakini walikaa.

Nanyi wanafunzi mtakuwa maofisa, na mtahamishwa sana. Kila mtakapoondoka mahali, jipekueni mifukoni. Ukikuta ufunguo usio wako, rudi ukaukabidhi.