Bunduki ya Upepo Mkononi, Jicho Hatarini

(Mazungumzo na vijana wanaojifunza ufundi wa magari, mabomba na uchomeleaji)

Walioko mlangoni ingieni, viti bado vipo.

Najua mkiona mtu wa afya amesimama mbele mnasema kimoyomoyo, "Haya, kondomu na malaria tena." Leo siyo hivyo. Leo tuongee kuhusu mzinga wa upepo. Naona wengine wameanza kutabasamu, maana yake mnaujua. Bomba la maji la plastiki, upepo umeshindiliwa nyuma, kiazi mbele, halafu paa! Kiazi kinavuka uwanja wa mpira. Huko Marekani ni mchezo wa watu wazima kabisa, na video zake mnaziona kwenye simu. Mtu akishaona, na mabomba yapo stoo, na kompresa iko pale nje inanguruma, mikono inamwasha.

Sitamwita mtu mhuni. Anayetengeneza kitu kama hicho mara nyingi ndiye mwenye kichwa cha ufundi kuliko wenzake, kwa hiyo nitaongea naye kama fundi.

Mtakumbuka bunduki ya mwanzi ya utotoni. Unatafuna karatasi, unaziba huku, unaziba na kule, unasukuma kwa kijiti. Upepo wa katikati unabanwa mpaka karatasi ya mbele inachomoka kwa mlio. Ule nao ni mzinga wa upepo, ila hauna ghala. Nguvu yake ni msukumo mmoja wa mkono wako, na inaisha hapo hapo. Mzinga wa bomba una ghala. Ukipampu mara mia, zote mia zinakaa mle ndani zinakusubiri.

Hebu tupige hesabu. Chukua bomba la inchi nne. Kifuniko chake cha mwisho kina eneo la kama inchi za mraba 12 na nusu. Tia upepo wa 100, yaani ratili 100 kwa kila inchi ya mraba, upepo ambao kompresa ya gereji inautoa bila shida. Kifuniko kinasukumwa kwa ratili 1,250, zaidi ya kilo 560. Ni kama mifuko 11 ya saruji imekalia kifuniko kile, na kinachoizuia ni gundi uliyopaka jana jioni. Na uso wako uko wapi? Uko pale pale, unalenga.

Kuna atakayesema, "Dada, mbona bomba limeandikwa PN 10, maana yake linahimili ba 10?" Kweli limeandikwa, lakini ni kwa maji, tena kwenye joto la nyuzi 20. Maji hayabanwi. Bomba la maji likipasuka, yanatoka maji kidogo tu na presha inaanguka papo hapo. Unalowa, wenzako wanacheka, basi. Upepo ni springi. Ufa ukitokea, upepo unatanuka kwa kishindo na kuondoka na vipande. Na plastiki ile haichaniki kama tyubu ya baiskeli, inavunjika kama kigae, na vipande vina makali. Ndiyo maana wanaopima mitungi ya gesi huijaza maji kabla ya kuitia presha, ili ukipasuka yamwagike maji tu.

Idara ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, ilitoa onyo mwaka 1988 kuhusu mabomba ya PVC kutumika kupitishia upepo wa kompresa juu ya ardhi. Hapo walikuwa wanasema na viwanda, jamani, siyo na vijana wa uani.

Sasa ongeza jua letu. Plastiki hiyo ikifika nyuzi 40 inapoteza karibu theluthi ya uwezo wake wa kuhimili presha. Bomba lililolala miezi mingi juu ya bati linakauka na kuwa rahisi kuvunjika. Kwa hiyo mzinga uliodumu asubuhi, saa nane mchana siyo mzinga ule ule. Na kila unapoujaza unauchosha. Ukiniambia umeshafyatua mara 30 na hakuna kilichotokea, mimi naona umeuchosha mara 30.

Msidhani haya yanawapata wasiojua tu. Bunduki za upepo ni za zamani. Jeshi la Austria lilikuwa nazo tangu karne ya 18, tangi la upepo likiwa ndiyo kitako chenyewe cha bunduki. Mwaka 1803 kapteni Meriwether Lewis wa Marekani alinunua bunduki ya upepo kwa ajili ya safari yake ndefu ya kwenda magharibi. Mwishoni mwa Agosti, akiwa ndiyo kwanza ameondoka Pittsburgh kwa mashua, watu wa ukingoni wakamwomba aijaribu. Akapiga mara saba, vizuri tu. Kisha akaishika mtu mwingine asiyeijua, ikafyatuka. Risasi ikapita kwenye kofia ya mwanamke aliyekuwa umbali wa yadi kama 40, ikamchana pembeni mwa paji la uso. Akaanguka, damu zikamtoka, wote wakadhani amekufa. Lewis mwenyewe aliyaandika hayo katika shajara yake. Baada ya dakika moja mama yule akazinduka. Risasi ilikuwa imemgusa kwa kama robo ya upana wake.

Aliyeumia hapo ni mtazamaji. Na huko Delaware, Marekani, ambako mashindano ya kurusha maboga yalianza mwaka 1986, ilikuwa hivyo hivyo. Walikuwa na mizinga ya upepo ya chuma, mikubwa, yenye kupeleka boga zaidi ya kilomita moja. Novemba 2016 kipande cha chuma kilichomoka kwenye mzinga mmoja wakati wa kufyatua, kikampiga mwanamke aliyekuwa pale na wapiga picha wa televisheni. Aliumia vibaya sana. Mashindano ya mwaka uliofuata yakafutwa.

Basi tuje kwenye jicho, maana ndilo lililonileta. Mguu ukivunjika utafungwa plasta, jino utatia la bandia. Jicho hakuna anayeweza kukupa jingine la kuonea. Hata kitu butu kama kiazi kikikupiga, damu inaweza kujikusanya ndani ya jicho, mbele ya ile sehemu yenye rangi. Kwa nje unaweza kuona wekundu kidogo tu. Presha ya ndani ya jicho inaweza kupanda siku hiyo, au miaka baadaye ukapata glakoma na usijue imetoka wapi. Kipande kikitoboa jicho ni hatari zaidi. Mara chache, kinga ya mwili ikishachokozwa na jicho lililotoboka, huligeukia hata lile zima.

Naomba hapa mnisikilize vizuri. Mwenzako akiumia jicho, usimruhusu alifikiche. Kama kuna kitu kimechoma, usikichomoe. Usilioshe jicho lililotoboka, usilibane kwa kitambaa, wala usitie kitu, iwe maziwa ya mama, maji ya sukari, au yale matone yaliyobaki ya bibi. Matone mengine ya dukani yana dawa za jamii ya steroidi, yanaweza kuongeza madhara. Kata kikombe cha plastiki ubaki na kitako chake, ukiweke juu ya jicho kikae kwenye mifupa ya pembeni bila kuligusa jicho, ukifunge kwa plasta. Asile wala asinywe, huenda akahitaji upasuaji. Kisha mpeleke hospitali yenye daktari wa macho siku hiyo hiyo, hata kama anasema anaona. Kitu cha kuosha ni asidi ya betri au saruji. Hiyo osha kwa maji safi mengi, nusu saa nzima, palepale, ndipo muondoke.

Halafu kuna mzinga ambao mnaushika kila siku na hamuuiti mzinga, nao ni mpira wa kompresa. Nimepita gereji kadhaa nikaona mchezo wa kupulizana. Mtu ameinama kwenye injini, mwenzake anamlengesha upepo makalioni kwa mzaha. Jamani, msicheke. Upepo ule hauhitaji nguo kuvuliwa. Unapenya, unaingia kwa njia ya haja kubwa, na kwa sekunde chache tu utumbo mpana unaweza kupasuka. Madaktari wa nchi nyingi wameandika habari za wagonjwa wa namna hii, wengi wao vijana wa kazi waliofanyiwa utani na rafiki zao. Wapo waliokufa. Mgonjwa anaweza kuinuka na kusema ni tumbo tu limejaa gesi, akaona aibu kueleza. Tumbo likivimba na kuuma baada ya mchezo huo, apelekwe haraka, na ninyi mumwambie daktari ukweli wote. Aibu yenu itapita.

Vilevile kujifuta vumbi kwa kompresa. Ukiwa na kidonda kidogo mkononi, upepo unaingia chini ya ngozi. Ukibonyeza unasikia kama unakanyaga mchanga. Hilo nalo ni la hospitali. Sikioni, kiwambo kinapasuka.

Sasa fundi mwenye mikono inayomwasha afanye nini? Mimi nampendekezea roketi ya chupa, na mwalimu wenu awepo. Chupa mpya ya soda ya plastiki imetengenezwa ibebe gesi. Unatia maji, unasukuma kwa pampu ya baiskeli, siyo kwa kompresa, unaivuta kwa kamba ndefu ukiwa mbali, na kila mtu amevaa miwani ya karakana. Chupa iliyokwaruzwa au kukunjika ni ya kutupa. Inaruka juu, na unajifunza presha ile ile. Jambo jingine, bomba jeusi lenye mshiko, usiku, mbele ya mlinzi wa benki, ni bunduki. Hatakuuliza ni ya viazi.

Miwani mnayo ukutani pale, nimehesabu jozi sita, na ninyi hapa mko zaidi ya 30. Hilo nitalizungumza na mkuu wa karakana tukitoka. Haya, maswali. Wewe wa nyuma, umenyoosha mkono tangu nilipotaja kompresa. Anza.