Shauri Letu, Si Shauri Yako

(Hotuba iliyosomwa na mfasiri mmoja wa Serikali mbele ya wakazi wa Thika na Ruiru)



Nawashukuru kwa kuniita nizungumze nanyi juu ya mabaraza ya mashauri katika miji. Kazi yangu ni kufasiri maandishi ya Serikali, na katika kazi hiyo hakuna neno lililonifikirisha kuliko hili neno "shauri". Watu wakiketi pamoja na kupima jambo, husemwa kwamba wamefanya shauri. Lakini mtu akiachwa peke yake na taabu zake, huambiwa, "Shauri yako!" Neno ni lile lile, tofauti ni kuitwa au kutoitwa.

Miji yetu ina watu wa asili mbalimbali. Hesabu ya watu ya mwaka 1999 imepitwa mbali: ile ya mwaka 2019 ilikuta watu zaidi ya 250,000 katika mji wa Thika, na zaidi ya 490,000 katika Ruiru. Wamo wenyeji wa tangu zamani. Wamo waliotoka Ukambani, Nyanza na Magharibi kutafuta kazi viwandani na mashambani. Wamo wenye asili ya Kihindi ambao wazee wao walifungua maduka hapa. Wamo wapangaji wa Makongeni, Kiandutu na Githurai. Lakini taka itupwayo katika Mto Chania huingia Mto Thika, kisha huteremka hadi Tana, wala haiulizi kabila la mtu.

Zamani mashauri ya mji hayakuwa ya watu wote. Katika Nairobi, miaka ya 1940, palikuwa na Baraza la Mashauri la Waafrika. Wajumbe wake walikuwa na ruhusa ya kushauri tu. Kodi na matumizi yake yaliamuliwa katika baraza jingine, ambamo Waafrika walikuwa wachache mno. Nairobi ilipewa hati ya kuwa jiji mwaka 1950, lakini Meya wa kwanza Mwafrika, Bwana Charles Rubia, hakushika cheo hicho mpaka mwaka 1962. Twajifunza kwamba kupewa kiti si sawa na neno lako kutiwa maanani.

Siku hizi sheria ni nyingine. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011, iliyorekebishwa mwaka 2019, yaagiza kila manispaa iwe na bodi ya watu tisa. Baadhi yao hupendekezwa na vyama: vya wataalamu, vya wafanya biashara, vya watu wa jua kali, na vya wakazi wa mitaa. Tena sheria hiyo yawapa wakazi haki ya kukutana na kutoa mapendekezo juu ya huduma, mipango ya maendeleo, na makadirio ya fedha ya kila mwaka.

Haki hiyo ni njema, lakini yaweza kufa njiani. Nitawaeleza kosa nililolishiriki mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, ofisi moja ilinipa tangazo la Kiingereza juu ya kuwahamisha wachuuzi wa kando ya barabara. Lilialika watu waje watoe maoni. Nililipata alasiri, na mkutano ulikuwa kesho yake asubuhi. Nilifasiri kwa uangalifu, nikairidhia sarufi yangu. Siku ya tatu mama mmoja auzaye sukuma wiki aliniuliza, "Mwanangu, sisi tutaulizwa lini?" Sikuwa na jibu, kwa maana siku ya kuulizwa ilikuwa imekwisha pita.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni mojawapo ya lugha rasmi. Basi yatupasa kudai mambo matatu. Kwanza, tangazo litolewe kwa Kiswahili mapema, kabla makadirio hayajafungwa, na lisomwe kwa sauti sokoni na katika nyumba za ibada, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Pili, kila chama kimtake mjumbe wake arudi na jibu, hata likiwa jibu la kukataliwa. Tatu, sisi wenyewe tuhudhurie, tukiwa tumekwisha patana juu ya jambo moja au mawili ya maana. Kwani baraza ambalo kila mtu huja na lake huondoka bila neno.

Wako wasemao kwamba mikutano hiyo ni bure, maana mambo huwa yamekwisha amuliwa. Pengine husema kweli. Lakini asiyekwenda hana hata ushahidi wa kulalamikia, na aliyekwenda aweza kuuliza mwaka wa pili, "Neno letu la mwaka jana lilifika wapi?"

Yule mama bado anauza mboga. Napenda siku moja anione mapema, aniambie kwamba amekwisha ulizwa.