Michoro ya Nyakati na Ramani katika Kufundisha Maandiko

Hotuba kwa walimu na sharika, Misigiri



Neno nililopewa kunena ni hili: jinsi mchoro wa ukutani unavyomsaidia Mkristo kuyaelewa Maandiko. Twamshukuru Mungu kwa kuwa watu wetu hulisikia Neno kila Jumapili. Lakini wengi hulisikia kana kwamba Musa, Daudi, Amosi na Paulo waliishi siku moja katika mji mmoja. Mtu wa namna hiyo hujua maneno mengi, wala hajui yalinenwa kwa nani. Wahenga walisema, Kusikia si kuona.

Kazi hii si ngeni katika Kanisa. Mwanzoni mwa karne ya 4, Eusebio wa Kaisaria alipanga miaka ya mataifa katika safu zilizosimama bega kwa bega, hata msomaji akaona mara moja ni nani aliyewatawala Waebrania, na ni nani aliyetawala mataifa mengine wakati uo huo. Basi na sisi tufuate njia hiyo kwa vitu tulivyo navyo.

Usharika usio na karatasi kubwa na uchukue kamba ndefu. Kila hatua moja ya mguu iwe miaka 100. Katikati fungeni kitambaa cheupe: ndipo alipozaliwa Bwana. Rudini nyuma hatua 10, mtamkuta Daudi. Kwenye hatua 7 na kidogo, yaani mwaka wa 722 kabla ya Kristo, Waashuri wanautwaa Samaria. Karibu na hatua ya 6 Wababeli wanauteketeza Yerusalemu. Kisha, mwaka wa 538, Koreshi anawapa Wayahudi ruhusa ya kurudi kwao. Lakini habari za Ibrahimu na za kutoka Misri, wataalamu hawapatani juu ya miaka yake; hapo mwalimu na aseme wazi kwamba anakadiria tu.

Faida yake ni nini? Mtazameni Amosi. Akitundikwa mahali pake, mtaona kwamba hakunena wakati wa njaa, bali wakati wa neema, zamani za Yeroboamu wa pili, matajiri walipolala vitandani mwa pembe na maskini wakauzwa. Haikupita zaidi ya miaka 30 au 40, Samaria ukaanguka. Asiyeiona nafasi hiyo fupi hudhani nabii alikemea watu wa kale tu. Aiyonaye huanza kuiangalia ghala yake mwenyewe.

Tena litazameni jina la Herode. Aliyewaua watoto wa Bethlehemu si yeye aliyemkata kichwa Yohana, wala si yeye aliyemwua Yakobo kwa upanga. Wa kwanza ni Herode Mkuu, aliyekufa yapata mwaka wa 4 kabla ya Kristo; ndiyo sababu wataalamu husema Bwana alizaliwa miaka michache kabla ya hesabu yetu kuanza. Wa pili ni Antipa, mwanawe. Wa tatu ni Agripa, mjukuu, aliyekufa mwaka wa 44. Andikeni majina hayo ubaoni kama mti wa ukoo, na fumbo litafunguka.

Ramani nayo ina kazi yake. Yule mtu wa mfano wa Bwana alitelemka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Njia hiyo ni kilometa zipatazo 27, nayo hushuka mita zipatazo 1,000. Ninyi mnaotoka huku juu na kuushuka mlima wa Sekenke mpaka Shelui na mbuga za Wembere, hamhitaji maneno mengi kujua jinsi msafiri awezavyo kuviziwa katika makona ya njia.

Lakini nina onyo. Mchoro ni mtumishi, si bwana. Huko Marekani wafuasi wa William Miller walitundika michoro mikubwa ya hesabu za Danieli na Ufunuo, wakangoja Bwana arudi, mwisho tarehe 22 Oktoba 1844. Siku ikapita, na mioyo mingi ikavunjika. Mwaka uo huo wa 1844 Krapf alifika Mombasa, akaanza kujifunza Kiswahili. Mchoro na utuonyeshe yaliyotendeka. Siku ambayo Bwana mwenyewe alisema haijulikani kwa mtu, tusiitie fundo katika kamba yetu.

Basi, kamba ikisha kupita kwa Mitume, msiikate. Ivuteni hatua 18 na zaidi, mfunge fundo la mwaka 1891, Biblia nzima ilipotolewa kwa Kiswahili. Na la 1937, tafsiri ya Roehl. Na la 1952, ile ya Muungano. Kisha fungeni mwaka wa ubatizo wa kwanza katika usharika wenu. Kama hamwujui, nendeni kwa wazee wiki hii, maana wao ndio kitabu chake, na kitabu hicho hakichapwi mara ya pili.

Hapo mtoto wa shule ataishika kamba ile kwa mkono wake, naye ataona kwamba Neno lililonenwa kwa Amosi limefika mpaka mlangoni pa nyumba yao. Bwana awabariki katika kazi hiyo.