Barua Husomwa kwa Sauti
Mhadhara wa umma uliotolewa Ushongo, Wilaya ya Pangani

Wazee wangu wa Ushongo, nanyi wa Bweni, nanyi wa Pangani mjini mliovuka mto kwa pantoni ili kunisikiliza, mabibi na mabwana, na ninyi wanafunzi mlioketi mchangani kwa kuwa viti vimeishia kwa wakubwa wenu: nilipotakiwa kuja kunena juu ya namna wanadamu walivyopashana habari tangu kale hata leo, nilikuwa nimekwisha kuandaa mhadhara wa adabu, unaoanza na maandishi ya Mafirauni na kuishia kwenye simu ya mkononi, na laiti nisingalifungua kitabu kimoja cha shule cha mjukuu wangu, huo ndio mngaliusikia, nanyi mngalisinzia kwa amani.

Katika kitabu hicho mna picha ya ngazi. Kwenye kipandio cha chini amesimama mtu aliyevaa ngozi, anapiga ngoma. Juu yake yuko mwingine anayefukiza moshi. Kisha tarishi mwenye kofia ya kizungu na mfuko wa barua. Kisha nguzo ya simu. Na juu kabisa kijana anatabasamu, simu kiganjani. Sina ugomvi na ngoma, wala na mbiu ya mgambo, ambayo ikilia kila mtu hapa hujua kuna jambo. Lililonichoma ni kwamba mchoraji alimweka mtu wetu chini, akaiweka barua mfukoni mwa mgeni, kana kwamba pwani hii ilikuwa ikipiga ngoma gizani mpaka siku alipoteremka mtu na kalamu. Na tena kwamba kila apandaye kipandio kimoja hukiacha kile cha chini, asirudi.

Dhana hii ina baba zake wenye elimu kubwa. Mmoja wao ni Padre Walter Ong wa Marekani, ambaye katika kitabu alichokitoa mwaka 1982 alishikilia kwamba maandishi hayahifadhi maneno tu, bali huigeuza akili yenyewe ya mwenye kuandika, yakamtenga mjuzi na kile anachokijua, yakamfanya msomaji awe mtu wa peke yake. Sina haki ya kumdharau bwana huyo, aliyesoma vitabu vingi kuliko mimi, na kwa insafu nakiri kwamba katika habari za Wayunani huenda alisema kweli. Walakini Wayunani hawakupata kuketi barazani Ushongo baada ya alasiri, siku jahazi limeleta barua.

Nianze na umri wa barua yetu: zipo Goa, katika hifadhi ya nyaraka za Wareno, barua za Kiswahili kutoka Kilwa, za mwaka 1711, zilizoandikwa kwa khati za Kiarabu. Sitawachosha kwa historia ya khati hizo, wala kwa ule ugomvi mkongwe wa kutaka kujua neno fulani lisomwe kwa p au kwa b, kwa e au kwa i, maana wenzangu wa fani hii wanaujua kwa moyo na kila mmoja ana suluhisho lake. Itoshe kusema kwamba kabla ya shule ya serikali ya Wadachi kufunguliwa Tanga, barua ya Kiswahili ilikuwa imekwisha kutimiza miaka mia na themanini, na ushei.

Lakini kitabu nikipendacho kuliko vyote, ambacho wanafunzi wangu wamechoka kukisikia, ni kile alichokitoa Carl Büttner huko Berlin mwaka 1892, alipokusanya maandishi ya Waswahili kwa khati za Kiarabu, barua zao zikiwamo, akachapisha sura ya mwandiko wenyewe, kisha akayanakili kwa herufi za Kirumi na kuyafasiri kwa Kijerumani. Tazameni tarehe. Desemba 1889 Bushiri bin Salim, aliyewapiga vita Wadachi, alinyongwa hapo Pangani, na miaka mitatu haijatimia barua za watu wa pwani zilikuwa darasani Berlin, zikisomwa kwa bidii na vijana waliokuwa wakifunzwa lugha yetu ili waje kututawala. Yaani Wadachi, waliokuwa na kila sababu ya kutuita washenzi, walijua kwamba nchi hii haitawaliki bila ya kusoma barua zake. Mchoraji wa ngazi ndiye hakujua.

Nami husoma barua za aina hii kama wengine wanavyosoma mashairi. Huanza kwa Kiarabu, ila jenabi fulani bin fulani, mpenzi, mwenye heshima, Mungu amweke. Kisha huja wa baada, kama mtu aliyevua viatu akaingia ndani. Kisha nakuarifu, na Kiswahili hushika usukani. Katika nchi nyingi za Kiislamu watu waliandika juu ya barua tarakimu 8642, ambazo kwa hesabu ya abjadi ni herufi za neno buduh, ili waraka usipotee njiani, na posta ya leo haijanionyesha bima iliyo bora kuliko hiyo. Kiini cha barua mara nyingi ni mistari miwili mitatu: deni, mzigo wa nazi, ndoa, msiba. Kisha huja salamu: nisalimie fulani, na mama yake fulani, na jirani, na kila atakayeuliza hali yetu. Kwa nini mtu anayemwandikia mmoja awasalimu kumi? Kwa sababu alijua hao kumi watakuwapo. Barua ile haikuandikwa isomwe faraghani kwa macho. Iliandikwa isomwe kwa sauti, mbele ya watu, na mwandishi aliandika huku akiwaona wamekaa. Haikuwa kipandio cha juu ya mdomo, bali ni mdomo uliokatiwa nauli ya jahazi. Na kwa kuwa barua ya Lamu au Maskati ilisubiri kusi, na jibu likaja na kaskazi, hapakuwa na sababu ya kusema kwa pupa.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mvuvi hapa hapa, na ndiye aliyesomea barua mtaa mzima. Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, ilikuja barua ya bibi mmoja jirani, kutoka kwa nduguze wa Unguja. Babu alisoma kwanza salamu zote bila kuruka jina, watu wakaitikia kila jina, kisha akanyamaza, akaikunja, akasema taa haina mafuta ya kutosha, tutaendelea asubuhi. Taa ilikuwa imejaa. Usiku ule alichukua wazee wawili wakaenda nyumbani kwa yule bibi, wakamwambia kwa vinywa vyao lililoandikwa katika mstari wa tisa, kwamba mwanawe amefariki. Padre Ong angemwita huyu msomaji. Mimi sina jina la kumwita. Na mtu huyu huyu, miaka michache baadaye, alipokwenda katika ofisi moja kwa ajili ya karatasi ya shamba, karani alimwandika kwamba hajui kusoma wala kuandika, kwa kuwa hakujua herufi za Kirumi, akamshika dole gumba akalichovya katika wino. Babu alikuwa akilitazama dole lile na kutuambia kwamba sasa serikali imepata mwandiko wake.

Vyombo vilivyoifuata barua mnavijua, nami navipita mbio. Waya wa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879. Gazeti la Kiongozi lilianza Tanga mwaka 1904. Mambo Leo likaja mwaka 1923, na washairi wa Tanga na wa Dar es Salaam wakajibizana humo mwezi kwa mwezi. Sauti ya Dar es Salaam ikasikika mwaka 1951. Hapa nakubali kushindwa kidogo. Simu ya maandishi, iliyopita katika waya ule, ililipiwa kwa hesabu ya maneno, na kwa mara ya kwanza Mswahili alilazimika kutoa habari kabla ya salamu, jambo ambalo bibi yangu aliliona ni sawa na kuingia nyumba ya watu bila hodi. Padre ana haki ya kulichukua hilo. Lakini redio ilipokuja, watu wetu walituma nini? Kadi za salamu: namsalimu fulani, na mama yake fulani, na jirani, orodha ile ile ya Büttner, ikisomwa kwa sauti, mbele ya watu waliokaa. Na juzi ufukweni hapa nimemwona kijana aliyetoka kisiwani Maziwe akipokea ujumbe wa sauti kwenye simu, akaufungulia wenzake wote wa ngalawa wausikie, nao wakamjibu mwenye sauti kana kwamba yu pamoja nao. Ngazi gani hii, ambayo aliyefika juu yuko barazani?

Nina itikadi yangu moja, na wenzangu wa isimu hunicheka kwayo. Wazee wa Mrima walimwita mtawala wao jumbe. Mwenye kutumwa wakamwita mjumbe. Na kinachobebwa, ujumbe. Wenzangu huniambia kwamba kufanana kwa maneno si hoja, na kwamba nisiyafanye maneno matatu kuwa falsafa. Nimewasikiliza, nimepima, nimesoma walivyonielekeza, na bado nasema kwamba watu walioyaweka maneno haya nyumba moja walijua kuwa habari haisafiri bila ya mtu wa kuidhamini, na kwamba chombo, kiwe pembe, karatasi au simu, ni kitu cha kukodi.

Nimalize kwa ombi. Katika miaka ya 1960 Bwana J.W.T. Allen alikusanya nyaraka za pwani kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu Dar es Salaam, na naamini masanduku mengi ya huku hakuyafungua. Mwenye barua za khati za Kiarabu nyumbani, hata ziwe zimeliwa na mchwa upande mmoja, hata ziwe za deni ambalo ukoo haupendi kulikumbuka, nasaha yangu asizichome. Nitakuwapo hapa mpaka kusi lianze. Aje nazo barazani baada ya alasiri, tuzisome kwa sauti, kisha arudi nazo kwake.