Mgombea wa Rumonge na Suala la Ardhi



Tarehe 5 Juni 2025, katika uchaguzi wa wabunge wa Burundi, wananchi wa Rumonge walipigia kura orodha za vyama katika mkoa mpya wa Burunga, wala si mtu mmoja mmoja. Hata hivyo, agombeaye kwa jina la pwani ile hana budi kutamka msimamo wake juu ya ardhi.

Mwaka 1972 maelfu walikimbilia Tanzania na kwingineko, na mashamba yao ya michikichi wakapewa wengine. Waliporejea, waliwakuta humo watu ambao watoto wao wamezaliwa papo hapo. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 uliitambua haki ya mkimbizi kurudishiwa mali yake. Mgombea asemaye, "Mwenyewe arudishiwe," na aseme pia anayeondolewa atakwenda wapi. Maana hukumu ikishatolewa, anayetumwa shambani ni polisi, ambaye Katiba inamkataza kuwa mwanachama wa chama chochote, mbunge hayupo.

Na juu ya maji ya Tanganyika, yaliyovamia nyumba za ufukweni mwaka 2024, kutoa pole hakutoshi. Mgombea aonyeshe kiwanja cha kuwahamishia watu, na kisiwe kiwanja chenye kesi.