KOROSHO ILIYOELEA

(Hotuba ya mwalimu mstaafu katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Rondo)



Wenzangu waliotangulia wamezungumza juu ya maabara ya shule yetu, na waliyosema ni ya kweli. Mimi sikufundisha sekondari hata siku moja. Nilipotoka hapa nilikwenda chuo cha ualimu, kisha nikarudi Rondo kufundisha shule ya msingi. Kwa hiyo nitasema juu ya sayansi ya darasa la nne, na juu ya kosa nililolifanya huko.

Ilikuwa Januari 1979. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 watoto waliingia shuleni kwa wingi, na vifaa vyangu vilikuwa ubao, chaki na kitabu kimoja cha mwalimu. Siku hiyo niliandika ubaoni kwamba mbegu huhitaji maji, hewa na joto ili iote. Watoto wakanakili. Binti mmoja akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, mbona bibi yangu hutia korosho katika ndoo ya maji kabla ya kupanda? Zinazozama anazipanda, zinazoelea anaziacha. Kwa nini?"

Sikujua jibu. Badala ya kukiri kwamba sijui, nikamwambia hayo ni mambo ya bibi, hapa tunasoma sayansi. Darasa zima likacheka. Yule binti akaketi, na wiki nzima hakunyosha mkono tena.

Kilichonisumbua ni kwamba kisa cha namna hiyo nilikuwa nimekwisha kisikia chuoni. Mwaka 1963 kijana wa Kitanganyika, Erasto Mpemba, alikuwa akisoma shule ya sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa na sukari. Kwa kuogopa kukosa nafasi katika jokofu, Mpemba aliweka maziwa yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu wake, aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akafanyiwa mzaha. Siku moja Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifika pale kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama na swali lake lile lile. Wenzake wakamcheka, lakini mgeni yule alirudi Dar es Salaam akalijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na leo jambo hilo linaitwa duniani kote kwa jina la Mpemba. Wataalamu hawajakubaliana hata sasa. Mwaka 2016 wengine huko Uingereza walipima upya wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha. Hilo halimpunguzii Mpemba heshima, kwa maana wabishi wake wa leo nao wanapima maji. Hawamcheki.

Basi Jumatatu nilisimama mbele ya darasa nikamwomba radhi yule binti. Nikamtuma amwite bibi yake.

Bibi alikuja na kikapu cha korosho. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akajibu, "Marahaba, mjukuu wangu. Nimesikia unataka kufundishwa kupanda." Mara hii walinicheka mimi, nami nilistahili.

Tukatia korosho majini, tukazitenga. Nikawauliza watoto: tufanye nini ili tusijidanganye? Mmoja akasema tupande siku moja. Mwingine akasema udongo uwe ule ule. Wa tatu akasema maji yapimwe kwa kopo moja, maana zamu ya wavivu ikifika safu moja itakosa maji. Hayo hawakuyasoma kitabuni. Tukapanda safu mbili, ishirini zilizozama na ishirini zilizoelea, na kila asubuhi mtoto wa zamu alihesabu na kuandika.

Wiki zilipopita, safu ya zilizozama ilikuwa karibu kujaa. Safu ya zilizoelea ilikuwa na mapengo mengi. Tukapasua korosho nyingine za kila fungu. Bibi ndiye aliyewapaka watoto majivu mikononi, maana utomvu wa ganda la korosho huunguza ngozi. Katika nyingi zilizoelea tulikuta kiini kimesinyaa, na pale kilipopungua pameingia hewa. Hewa hiyo ndiyo iliyoielesha korosho, na chakula kilichopungua ndicho ambacho mche ungekitumia kuotea. Siku ile somo la kuelea na kuzama halikuhitaji chaki.

Lakini zilizoelea si zote zilizoshindwa. Chache ziliota vizuri. Mtoto mmoja alikuwa ameandika "korosho zinazoelea hazioti." Yule binti akamsahihisha: andika "nyingi." Ndugu zangu, nimefundisha miaka mingi, sijapata kusikia neno la kisayansi kuliko hilo. Bibi naye, alipoulizwa zilizoelea huzipeleka wapi, alisema zenye kiini huzichoma akazila.

Ninyi vijana mnaosoma hapa, msidhani elimu yote imekwisha gunduliwa mbali na kwenu. Katika msitu wetu wa Rondo yuko komba mdogo asiyefika hata gramu 100. Wataalamu walimtambulisha kwa jina la kitaalamu la Rondo mwaka 1997, na sauti yake ya usiku ilisaidia kumtofautisha na jamaa zake. Wazazi wetu walikuwa wakisikia sauti za msitu huo kabla ya jina hilo kuandikwa. Basi sikilizeni, pimeni, andikeni. Mkichekwa, ulizeni tena.

Nanyi wazee wenzangu, mchango wa maabara tutautoa. Lakini anayeingia maabara ya sekondari akiwa amekwisha zoea kunyamaza, atanakili tu yaliyo ubaoni. Naomba kila mmoja wetu aichukue shule moja ya msingi karibu na kwake: apeleke mizani, kipimajoto na kioo cha kukuzia, kisha akae na walimu wa darasa la nne wavitumie pamoja na watoto. Mizani ya kwanza naitoa mimi, na iko pale mezani.

Yule binti alimaliza darasa la saba, na sasa ana shamba lake la mikorosho. Nilipita kwake mwaka jana msimu wa kupanda. Ndoo ya maji ilikuwa uani, na mjukuu wake ndiye aliyekuwa akihesabu.